Meneja Hunyamaza Mpaka Maziko Yaishe

Watu wa Busia wakisikia kwamba mimi ni Mwenyekiti wa Chama cha Mameneja wa Wanamuziki wa Klasiki, Busia na Malaba, huniuliza maswali mawili. La kwanza, klasiki ni nini? La pili, hao wanamuziki wako wapi?

La kwanza nalijibu hivi: ni muziki ulioandikwa, wa sauti nne, ambao mwimbaji akisahau hawezi kujitungia njiani. La pili silijibu. Namwambia mtu aende kanisani Jumapili asikilize, halafu Jumatatu azunguke mjini. Yule anayemuuzia samaki ndiye aliyepanda na sauti jana mpaka vioo vikatetemeka. Yule anayemchomelea geti ndiye aliyempokea akashuka naye taratibu.

Kabla ya Chama, watu kama hao waliitwa harusini kama vile mtu anavyoazima viti. Waliimba mchana kutwa na kurudi nyumbani na soda tumboni na ahadi masikioni. Leo kila mmoja ana meneja, kila meneja ana mkataba, na mameneja wote wako chini ya kanuni kumi na mbili. Kanuni hizo niliziandika mimi, kwa Kiswahili, wakati nasoma ngumbaro, darasa la watu wazima, jioni. Nilizisoma kwa sauti mpaka kila moja ikakaa sawa mdomoni. Hazijabadilishwa hata nukta.

Ile ya saba ndiyo inayohusika hapa. Inasema: msanii akifiwa na mtu wa karibu, shughuli yake inasimama na hakuna wa kumlaumu. Kuanzia hapo meneja hunyamaza. Jamaa ndio humsemea msanii mpaka maziko yaishe. Niliiandika baada ya kumwona meneja mmoja akijadiliana tarehe ya harusi huku ameegemea jeneza.

Mwaka jana tulipanga tamasha kubwa katika ukumbi wa parokia, Busia, siku ya Jumamosi. Msanii wangu mimi ni Nerima, binti wa Port Victoria anayeuza samaki soko la Busia. Anaimba sauti ya kwanza. Mwalimu wa sauti kutoka Nairobi alikubali kuja kumsikiliza, kwa sababu katika chuo chake kulikuwa na nafasi moja ya masomo iliyobaki. Mwalimu huyo alikuwa na sharti lake.

"Sitaki kumsikia akiimba peke yake," aliniambia kwa simu. "Peke yake kila mtu ni hodari. Nataka nimsikie akiwa na sauti nyingine ubavuni. Hapo ndipo mtu hujulikana."

Kwa hiyo tukaweka wimbo wa watu wawili, Nerima na Egwang. Egwang ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Malaba, na sauti yake ya tatu haina mfano upande huu wa nchi. Walifanya mazoezi tangu msimu wa kupanda. Sauti ya tatu nyingine tuliyokuwa nayo ni mzee Okedi, ambaye sauti anayo ila pumzi zimemwisha.

Jumatano nikapigiwa simu na Okwakol, meneja wa Egwang. Okwakol ni wakala wa forodha Malaba, mtu wa viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope.

"Mzee, kuna habari mbaya. Egwang amefiwa."

Nilisimama, ingawa alikuwa hanioni. "Na nani?"

"Shangazi yake. Mama Ajiko, yule wa ng'ambo, upande wa Tororo. Ndiye alimlea. Wanazika Jumamosi."

"Jumamosi."

"Ndiyo hiyo, Mzee. Sasa, kanuni ya saba…"

"Naijua kanuni ya saba," nilimwambia. "Mpe pole zetu. Egwang hadaiwi chochote na Chama."

Nilikwenda sokoni mwenyewe kumwambia Nerima. Alikuwa anapara magamba ya ngege, na hakuacha kupara.

"Pole kwa Egwang," alisema. "Na mimi je?"

"Kanuni ni kanuni, Nerima."

"Sijauliza kanuni, Mzee. Nimeuliza kuhusu mimi."

Nikamwambia ukweli. Mwalimu atakuja Jumamosi kama alivyopanga, na nafasi itapewa mtu mwaka huu huu. Bila Egwang hakuna wimbo, na bila wimbo hakuna cha kusikilizwa.

Alifunga samaki wa mteja kwenye gazeti, akapangusa mikono. "Basi twende tumzike huyo mama," alisema. "Egwang husema yeye ndiye aliyemfundisha kuimba, kwenye shamba la mtama, wakifukuza ndege. Siwezi kumnunia mtu aliyekufa."

Maneno hayo niliyapeleka kwenye kamati jioni ile. Tulisimama kimya kwa heshima ya marehemu. Katibu wetu, Brendah, mbadilisha fedha wa pale mpakani na mwanamke asiyekopesha maneno, aliandika katika kumbukumbu kwamba Chama kimepokea taarifa ya kifo. Kisha tukaamua kwenda Ijumaa kutoa rambirambi, pamoja na waimbaji, kwa sababu Chama hiki hakijawahi kumwacha mtu wake alie peke yake.

Brendah alimpigia Okwakol kumjulisha, na mimi nilisikia upande wa Brendah peke yake.

"Tunakuja Ijumaa… Hapana, si usumbufu… Barabara mbaya tumeizoea… Familia inataka watu wachache?" Aliitoa simu sikioni akaitazama, halafu akairudisha. "Okwakol, tangu lini huku kwetu mtu akazikwa na watu wachache? Alikuwa mchawi?"

Akakata. "Huyo ana huzuni mpaka imemchanganya," alisema.

Ijumaa tukavuka Malaba tukiwa kwenye gari la kukodi, waimbaji wote wamevaa majoho meusi. Afisa wa mpakani alituuliza tunakwenda wapi tukiwa hivyo. Nilipomwambia, alivua kofia, akatupitisha mbele ya foleni ya malori, akasema poleni. Kule ng'ambo tukamwomba kijana wa boda boda atuonyeshe njia.

"Kwa Mama Ajiko?" alisema. "Namjua sana, ssebo. Kuna nini?"

"Ametutoka," alisema Brendah.

Kijana alizima pikipiki. "Lakini jana nimembeba, na gunia la mihogo. Tena alinigombeza njia nzima ati naendesha kama mwizi."

"Ndivyo kifo kilivyo," nilimwambia. "Hakipigi hodi."

Alilia palepale barabarani. Kisha akawaita wenzake wa stejini, wakawasha pikipiki zao, wakatutangulia polepole na taa zikiwaka mchana kweupe. Kila tulipopita watu waliuliza, wakaambiwa, wakashika vichwa, na wengine wakafuata kwa miguu. Nilitazama nyuma nikaona msafara wa maana sana. Nilijisemea kwamba hata mkuu wa wilaya hajapelekwa hivi.

Tulipofika bomani sikuona hema. Sikuona viti wala moto wa kupikia wageni.

"Mzee," Brendah aliniambia chinichini, "hema liko wapi?"

"Labda lipo njiani," nilisema. "Waimbaji, anzeni."

Huku kwetu waombolezaji huingia bomani wakiimba. Hawasimami getini kuuliza maswali. Basi tukaingia na wimbo wa sauti nne, sauti za chini zikitangulia kama ngurumo ya mbali, nyuma yetu wanawake wa kijiji wakipiga mayowe.

Uani palikuwa na mwanamke mnene wa makamo ya juu, amefunga kanga kiunoni, anaanika wimbi kwenye turubai. Alituona. Ungo ukamponyoka. Bila kuuliza neno aliweka mikono kichwani akaanza kulia nasi, maana hata yeye alilelewa vizuri. Mtu akikujia na kilio unampokea kwanza. Alilia kwa sauti nzuri ya chini, tena katika ufunguo uleule tuliokuwa nao. Nerima alimkumbatia wakalia pamoja.

Wimbo ulipoisha alijipangusa uso na kanga.

"Sasa niambieni," alisema. "Nani?"

"Mama Ajiko," Nerima alisema.

"Ajiko yupi?"

"Shangazi yake Egwang, fundi wa kuchomelea. Yule wa Malaba."

Mwanamke alitutazama mmoja mmoja. Alimtazama kijana wa boda boda, ambaye alikuwa amefungua mdomo.

"Huyo ni mimi," alisema.

Hakuna kanuni niliyoiandika kwa hali kama hiyo. Mwanamke mmoja wa kijiji alianza kucheka akashindwa kusimama, ikabidi akae kwenye turubai, juu ya wimbi. Mimi nilivua kofia nikajitambulisha kwa jina na cheo, nikaeleza tulivyopata habari, na kutoka kwa nani.

"Okwakol?" alisema Mama Ajiko. "Yule wa viatu? Alikuja hapa wakati wa Pasaka. Nilimchinjia jogoo." Aliokota ungo wake. "Nilimchinjia jogoo, naye akanichinja mimi."

Kisha alimwomba Brendah simu, akampigia mpwa wake, akaiweka kwenye spika tusikie wote.

"Egwang. Mimi shangazi yako. Uko wapi?"

"Niko hapa Tororo, shangazi, kwa mazoezi. Kesho naimba harusi ya wale wenye maduka ya jumla. Si ulipata salamu zangu?"

"Na Busia?"

"Busia iliahirishwa. Okwakol aliniambia ni mwezi ujao."

"Sawa. Njoo nyumbani sasa hivi unizike. Watu wako wote wameshafika, mmebaki wewe na meneja wako."

Wakati tunangoja alitulisha. Alisema hawezi kuacha wageni wa msiba waondoke na njaa, hata kama msiba ni wake. Tulikula mihogo na maharagwe na karanga, na waimbaji wangu wakakunja majoho wasiyachafue.

Egwang alifika na boda boda, na ya Okwakol ilikuwa nyuma yake. Egwang alipoona majoho, na kijiji kizima, na shangazi yake akigawa chai, alielewa bila kuambiwa. Alikwenda akasimama karibu na Nerima, akainamisha kichwa. "Mimi sikujua," alimwambia. "Naona hukujua," Nerima alimjibu.

Okwakol alishuka kwa utaratibu, akapangusa viatu kwa kitambaa. Nitampa haki yake: hakukimbia.

"Mzee, nimekosa," alisema. "Mbele ya watu nasema nimekosa. Harusi ile ina wageni kutoka kila mahali, mtu akimsikia Egwang pale kazi itamfuata mwaka mzima. Ningekuomba ruhusa ungeninyima. Nikatafuta njia ndani ya kanuni zako mwenyewe."

"Kwa kumuua mtu," alisema Brendah.

"Ng'ambo," alisema Okwakol. "Nilijua hamtavuka."

"Afukuzwe," alisema mwanachama mmoja, na wengine wakaitikia. Wawili wa Malaba walinyamaza. Niliona wazi kwamba Okwakol akiondoka kwa fedheha nao watamfuata, na Chama kitabaki cha Busia peke yake.

Okwakol alinisogelea, akashusha sauti, lakini si kiasi cha wengine kutosikia.

"Nifukuze, Mzee, ni haki yako. Lakini mkataba wa Egwang ni wangu. Kanuni ya nne: msanii haimbi bila meneja wake kukubali. Ukinifukuza, sikubali. Kesho mwalimu wako wa Nairobi atakaa kwenye kiti asikilize kinanda. Ukinisamehe hapa hapa, yaishe, isiandikwe popote, basi mimi nitapanga mambo ya harusi na kesho Egwang ni wako." Alimtazama Nerima. "Si unataka msichana wako apate shule?"

Nilitaka, na sioni haya kusema hivyo. Nilimsikia Nerima akiimba peke yake nyuma ya kibanda cha samaki siku ile ya kwanza, na tangu hapo nilijua nchi hii ina deni la kumsikiliza. Lakini vilevile nilijua nikilimeza jambo lile kwa ajili ya msanii wangu mimi, kesho kila meneja atamuua shangazi yake, na sitakuwa na mdomo wa kumkanya.

"Usinitazame mimi, Mzee," alisema Nerima. "Tazama kanuni zako."

Alisema kwa hasira, nadhani. Hata hivyo nilifanya kama alivyosema. Nilizipitia kichwani, taratibu, moja baada ya nyingine, kama nilivyozisoma jioni zile za ngumbaro. Nilipofika ya saba nikasimama. Kisha nikairudia.

"Okwakol," nilisema, "Jumatano uliniambia Egwang amefiwa."

"Nimeshakiri, Mzee."

"Nami nilikubali kwa niaba ya Chama. Tukasimama kimya. Katibu akaandika. Ni kweli, Brendah?"

"Imeandikwa," alisema Brendah.

"Lakini hajafa," alisema Okwakol. "Si huyo hapo ana birika."

"Namwona. Sikuulizi kama amekufa. Nakuuliza hivi: maziko yameisha?"

Alitazama viatu vyake.

"Jibu. Maziko ya Mama Ajiko, uliyoyatangaza wewe, yameisha au hayajaisha?"

"Hayajaisha," alisema. "Yataishaje?"

"Basi nyamaza. Meneja hunyamaza mpaka maziko yaishe. Wanaomsemea msanii ni jamaa."

Kijana wa boda boda ndiye aliyeelewa wa kwanza, akapiga honi. Brendah alikaa chini akajifunika uso na mkoba wake, mabega yakimtikisika. Wale wanachama wawili wa Malaba walitazamana, na mmoja akasema, "Hiyo ni kweli kabisa. Ndivyo inavyosema." Nikajua sikuwapoteza.

Nilimgeukia mwenye nyumba. "Mama, kanuni inakupa wewe neno."

"Ngoja nielewe," alisema Mama Ajiko. "Mimi ndiye maiti?"

"Wewe ndiye jamaa."

"Na maiti?"

"Kwa sasa, yote mawili."

Aliweka birika chini, akakaa kwenye kigoda, akatandaza kanga magotini kama hakimu.

"Wewe msichana," alimwambia Nerima. "Ndiye anayeimba na huyu? Imbeni nisikie. Siwezi kutoa mtoto wangu kwa kitu nisichokijua."

Wakaimba, pale uani, bila kinanda. Nerima alipewa sauti ya kuanzia na mzee Okedi, ambaye kwa hilo pumzi bado zinamtosha. Wimbo ule huanza na sauti ya kwanza peke yake, juu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto asijue kama kuna anayesikia. Kisha sauti ya tatu huitika kutoka chini. Egwang alipoitika, Mama Ajiko alifumba macho, na mkono wake ukawa unakwenda taratibu hewani, kushoto na kulia, kama wa mtu anayefukuza ndege. Kuku walikula wimbi lote lililokuwa karibu nao na hakuna aliyewafukuza.

Walipomaliza alifumbua macho.

"Kesho ataimba Busia," alisema. "Alipoahidi kwanza ndipo pa kwanza. Na mimi nitakwenda, sijawahi kuona watu wakiimba kwenye hafla yangu." Kisha akamtazama Okwakol. "Na wewe utakwenda kwa wenye harusi, wewe mwenyewe, usitume simu. Utawaambia mwimbaji wao amefiwa na shangazi, na shangazi amekataza. Halafu utawatafutia mwingine. Ukimkosa, uimbe wewe. Kwa uongo naona sauti unayo."

Okwakol alinitazama.

"Usinitazame mimi," nilimwambia. "Mimi si jamaa."

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mama Ajiko alikaa safu ya mbele, kando ya mwalimu wa Nairobi, na kijana wa boda boda akakaa nyuma yao akimweleza kila mtu kwamba alimlilia huyu mama kwa machozi ya kweli. Mwalimu hakuandika kitu wakati wa wimbo. Alikaa na kalamu yake imefungwa. Wimbo ulipokwisha alimwendea Nerima kabla makofi hayajatulia, akamshika mkono, akamwambia neno moja tu ambalo mimi nililisikia kwa sababu nilihakikisha nimesimama karibu: "Januari."

Nerima sasa yuko Nairobi. Wiki iliyopita alipiga simu kusema chakula ni kibaya na mwalimu ni mkali, kwa sauti ya mtu asiyetaka kurudi.

Okwakol sikumfukuza. Wengine wanasema nilimhurumia, na wengine wanasema nilipindisha kanuni. Hakuna anayeishika kanuni ile kuliko mimi. Kesi yake ni ya jambo la msiba, na jambo la msiba haliamuliwi kabla ya maziko. Kila mtu mzima analijua hilo. Kwa hiyo yupo, bado mwanachama, bado meneja wa Egwang kwa jina. Ila kila kazi ya Egwang inapotokea, inambidi avuke mpaka, avue viatu mlangoni, aombe kwa Mama Ajiko. Naambiwa mama humsikiliza vizuri na humpa chai. Kazi ambazo hazipendi anazikataa, na Egwang hajawahi kuimba mahali pazuri kama mwaka huu.

Mkutano wetu wa mwezi uliopita ulifanyika Malaba. Mama Ajiko alikuja kama mgeni mwalikwa, amevaa nguo mpya. Brendah alisoma ajenda. Ya tatu, kama kawaida yetu siku hizi, ilikuwa maziko ya Mama Ajiko.

"Kuna pendekezo?" niliuliza.

Okwakol aliinua mkono. Alisema anapendekeza, kwa heshima zote, kwamba jambo hili sasa lihitimishwe, hata kwa sala fupi tu.

"Kuna anayeunga mkono?"

Nilingoja. Hakuna aliyeunga.

"Mimi napendekeza iahirishwe," alisema Mama Ajiko, akichagua maandazi kwenye sinia. "Bado sijajitayarisha."

Tukaahirisha kwa kauli moja.